Hallbera wa Ukoo Safi

Katika bonde letu hakukuwa na mtu aliyemshinda Hallbera wa Stóragil kwa kusoma kondoo. Alikuwa akisimama mlangoni mwa banda la jirani, kikombe cha kahawa mkononi, anamtazama kondoo jike kwa kitambo kidogo, kisha anasema, "Huyu babu yake alikuwa lile dume la jirani yangu Gunnsteinn lenye magoti yanayogongana. Usimzalishe." Watu walicheka, wakaenda kufungua vitabu vya mifugo, wakakuta ni kweli. Tangu hapo walimwogopa kidogo, na yeye hakuchukia kuogopwa.

Kipaji hicho ndicho kilichomponza, maana alikichukua kutoka bandani akaingia nacho ndani ya nyumba.

Mume wake, Ketill, alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Walikuwa wameoana miaka minane na binti yao Unnur ana miaka sita, mama yake Ketill alipofariki mwezi Machi, na Mei ya mwaka huohuo ghala la majani makavu likateketea. Juni ikaja na jua lake lisilotua. Bonde zima liko nje likikata majani, Ketill yuko kitandani kaugeukia ukuta. Hali chakula, haogi, hataki hata kumwona mtoto. Wiki ya tatu alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ingekuwa nafuu kwa wote kama yeye asingekuwapo.

Hallbera hakulia. Alimvalisha suruali, akamtia ndani ya gari, akaendesha kilomita themanini hadi mjini bila kusema neno, huku akiishika mikono ya mumewe kwa mkono mmoja kila barabara iliponyooka.

Daktari alisema ni sonona, tena nzito, lakini inatibika. Katika maswali yake akauliza kama kwenye ukoo kuna mwingine aliyewahi kupatwa nayo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu Ketill alitabasamu kidogo.

"Uliza nani hajapatwa," alisema. "Tutamaliza upesi."

Daktari alieleza mambo mengi baada ya hapo, mazuri tu: kwamba kurithi ni upande mmoja wa habari, kwamba misiba miwili mfululizo ingeweza kumwangusha hata farasi, kwamba wengi wenye jamaa wagonjwa hawaugui maisha yao yote. Hallbera hakusikia hata moja. Alikuwa amekwisha kulishika lile neno kurithi, na neno hilo alilijua tangu utotoni.

Ketill alipata nafuu mwezi wa tisa. Usiseme kupona, yeye mwenyewe hakupenda neno hilo. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi na kila baada ya muda akaenda kuzungumza na daktari. Lakini Hallbera alikuwa ameshakaa chini na karatasi mbili kubwa. Huku Aisilandi nasaba si siri, mtu anabonyeza kompyuta anamwona babu wa babu wa babu yake. Aliuchora ukoo wa Ketill mpaka vizazi saba, kama anavyochorewa kondoo dume anayetakiwa kununuliwa, akachukua kalamu nyekundu. Baba mkwe, aliyelala kitandani majira matatu ya baridi: nyekundu. Shangazi aliyelazwa hospitali ya mjini: nyekundu. Ndugu wa babu, aliyeingia ziwani kwa miguu yake: nyekundu, tena mara mbili. Karatasi ya pili ilikuwa ya ukoo wake mwenyewe, nayo ilibaki nyeupe pe. Aliitazama kwa fahari, na sitaficha: kwa raha pia. Unnur amechukua kwangu, akajiambia, na karatasi zote mbili akazificha chini ya vitambaa vya meza.

Kuanzia siku hiyo akawa na hesabu yake. Wafugaji wote wa kaskazini wanaujua ugonjwa wa mtetemeko, ule unaokula ubongo wa kondoo polepole. Kuna kondoo waliozaliwa na jeni dhaifu, hao huupata upesi, na kuna wenye jeni ya kinga. Lakini hata yule dhaifu haugui kama hakukutana na ugonjwa wenyewe; anaweza kuzeeka na meno yake yote. Basi, Hallbera akawaza, mume wangu ni wa jeni dhaifu, na ugonjwa wake ni matatizo. Kazi yangu ni kumwekea malisho safi.

Akaifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Barua mbaya zilifunguliwa na yeye. Simu za misiba zilipokewa na yeye, naye akazipunguza makali kabla ya kuzipeleka mezani. Gari aliendesha yeye. Usiku aliamka kusikiliza kama mtu anapumua. Akimwona Ketill ananyamaza dakika mbili, roho ilimwenda mbio, na kumbe maskini anafikiria tu kibanio cha uzio. Ketill kwa upande wake alikuwa ameingia kwaya ya bonde, akawa na desturi ya kusema katikati ya kahawa, mbele ya watu, "Leo niko vibaya, jamani, msinijali nikinyamaza." Mwanzoni tuliona aibu kwa niaba yake, baadaye tukazoea. Hallbera hakuzoea. Kila aliposikia sentensi hiyo, mgongo wake ulikakamaa.

*

Septemba ya mwaka ule wa kumi na tisa, tulipowashusha kondoo kutoka milimani, hali ya hewa ilikuwa nzuri mno. Zizi kubwa la mviringo limejaa, watu wanawavuta kondoo kwa pembe kila mmoja kwenye kitalu chake, chupa ndogo zinapita mkono kwa mkono, na wazee wameshaanza kuimba kabla ya saa sita. Hallbera alikuwa katikati ya vurugu hiyo, amefurahi kama msichana, alipomwona kondoo wake wa kahawia, aliyeitwa Móra, anajisugua kwenye ukuta wa mawe. Alisugua, akasimama, akasugua tena. Kisha miguu ya nyuma ikamtetemeka, na midomo yake ikawa inatafuna hewa.

Hallbera hakuwaza kondoo. Wazo lake la kwanza, na aliliwaza kwa ukamilifu wake hapohapo kwenye tope, lilikuwa: Ketill atakufa.

Alimvuta Móra kimyakimya hadi kwenye kigari cha kuvuta akamfungia humo, na mumewe alipouliza akasema amevunjika mguu. Jioni ile alimpigia Eydís, daktari wa mifugo wa wilaya. Eydís alikuja Ketill akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, akammaliza Móra, akaondoka na kichwa ndani ya ndoo yenye mfuniko ili ubongo ukapimwe. Jibu lilichukua siku tisa. Katika siku hizo Hallbera alipika, alifua, alizungumza, na hakuna chakula kilichopita kooni bila kusukumwa na kahawa.

Simu ililia Jumanne saa tano asubuhi.

"Hallbera, umekaa?"

"Nimesimama, na nitasimama. Sema."

"Ndio wenyewe. Pole sana, mwenzangu. Sheria unaijua."

"Kundi lote?"

"Kundi lote. Mpaka wanakondoo."

Mwaka ule sheria ilikuwa bado haijalegezwa: akipatikana mmoja, wanachinjwa wote, banda linasuguliwa na kuchomwa dawa, na miaka miwili au zaidi hakuna kwato inayokanyaga. Kondoo mia nne na thelathini. Wengine nasaba yao ilianza na babu yake Ketill.

"Ketill yuko hapo?" Eydís aliuliza. "Inabidi na yeye nizungumze naye."

"Ukimpigia Ketill, Eydís, mimi na wewe basi. Nasema kweli. Nitamwambia mwenyewe, nikipata namna."

Akaiweka simu, akaiinua tena, akampigia Unnur, aliyekuwa Reykjavik akisomea uuguzi. Alimweleza kwa pumzi moja. Unnur alilia kidogo, kisha akauliza, "Baba amesemaje?"

"Baba yako hajui. Na wewe usimwambie. Nafikiria aje kwako wiki mbili, umtafutie sababu. Akirudi yatakuwa yamekwisha."

"Arudi akute banda tupu? Mama!"

"Unnur, wewe unajua damu ya kwao ilivyo. Mara ya kwanza ilikuwa bibi yako na ghala. Hii ni kubwa mara kumi."

"Mama, baba si kondoo."

"Nani kasema ni kondoo?"

"Wewe! Kila siku! Unamhesabu kama kondoo mwenye jeni mbaya." Unnur alivuta pumzi. "Sikiliza. Kondoo wa kwenu wana jeni moja inayoamua mambo. Sonona haiko hivyo. Zamani watafiti walidhani wameipata moja, kwamba ukiwa nayo na ukapata misukosuko, unaanguka. Wakaja wengine wakapima watu wengi zaidi, hawakuiona. Ni jeni nyingi, mamia, kila moja ina nguvu kidogo tu, na kila mtu anazo baadhi. Zinaifanya ngozi yako iwe nyembamba au nene zaidi, basi. Halafu maisha yanakumwagia maji ya moto."

"Si ndicho ninachosema? Ngozi yake nyembamba."

"Na hata mwenye ngozi nene, akimwagiwa ya kutosha, anaungua, mama. Kuna habari ya upweke, kulala, nani anakushika mkono. Mimi mwenyewe nina nusu ya baba. Siku nikilia kwa sababu ya mtihani, unajua naogopa nini?"

"Wewe umechukua kwangu," Hallbera alisema haraka. "Hilo usiliogope kabisa."

"Ningependa usiniambie hivyo tena," Unnur alisema, akaaga.

Ilipofika saa tisa Ketill aliingia jikoni na buti zake, jambo ambalo kwa kawaida lingempatia karipio. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeshasikia," alisema. "Eydís ameshawaonya majirani. Gunnsteinn alinikuta kwenye pampu ya dizeli akanikumbatia. Nikajua tu kuna msiba. Yule mtu hata mkewe hamkumbatii."

Akakaa, akalaza kichwa mezani, akalia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka. Hallbera alisimama nyuma yake na mkono hewani, hajui auweke wapi. Akawa anahesabu: analia, lakini je, ameugeukia ukuta? Baada ya robo saa Ketill alipenga kamasi, akauliza kama kuna supu. Akanywa bakuli mbili.

Utulivu huo ulimtisha Hallbera kuliko kilio. Kesho yake alichukua bunduki ya kuwindia mbweha akaipeleka kwa jirani yao Gunnsteinn, imeviringishwa kwenye blanketi.

"Niwekee hii, na usiniulize."

"Ketill anajua?"

"Asijue."

Gunnsteinn aliipokea. Ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo mizaha ilimkauka. "Na wewe, Hallbera, unaendeleaje?"

"Mimi nina kazi," Hallbera alisema, akawasha gari.

*

Malori yalikuja tarehe nane Oktoba. Hallbera alijaribu mpaka dakika ya mwisho kumpeleka mumewe Reykjavik, Ketill akakataa katakata. "Niliwapokea wakizaliwa," alisema, "nitawaaga." Alisimama kando ya Gunnsteinn, analia waziwazi, na wanaume wa bonde walimzunguka wakimpigapiga mgongo. Mmoja alimpa chupa ndogo, mwingine skafu.

Hallbera hakuwa pamoja nao. Yeye alisimama langoni akisoma namba za masikioni kwa mtu wa serikali aliyekuwa na orodha, kondoo mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa saa nne na nusu. Hakukubali kupokewa. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Kila baada ya kondoo wachache alikuwa akigeuza shingo kumtazama Ketill, kisha anarudi kwenye masikio.

"Yule mama ni mwamba," tuliambizana tukirudi makwetu. Nilisema hivyo hata mimi. Leo nikikumbuka naona tulikuwa wapumbavu, maana hakuna aliyempelekea skafu.

Kisha kazi ya kusafisha ikaanza. Walivunja mbao za banda wakazichoma, wakasugua saruji, wakabeba udongo wa juu kwa toroli. Novemba ikaingia na giza lake. Ketill alikuwa na siku mbaya, nyingine mbaya sana, na alizitaja kama alivyozoea. Alikwenda kwa daktari, dawa ikaongezwa. Alikaa jikoni kwa Gunnsteinn akilia na kunywa kahawa. Alhamisi alikwenda kuimba.

"Twende wote," alimwambia mkewe. "Sauti ya pili haina mtu."

"Nitakuja wiki ijayo."

Wiki ijayo alikuwa na nguo za kupiga pasi. Kwa kweli alibaki nyumbani ili Ketill akiwa nje aweze kuhesabu vidonge vyake, kuona kama havijapungua wala kuzidi. Akishamaliza kuhesabu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na mara nyingi Ketill alimkuta palepale, taa haijawashwa.

Usingizi ulimkimbia. Akajiambia ni kwa sababu ya kumlinda. Chakula kikawa kama pamba. Akajiambia ni tumbo. Gunnsteinn alileta soseji za damu, kwa kuwa nyumba isiyo na kondoo haina damu wala matumbo ya kuzitengenezea vuli ile, Hallbera akazisahau ukumbini mpaka zikaharibika. Siku ya kuzaliwa ya Unnur ilipita, na hakukumbuka hadi Unnur alipopiga simu mwenyewe akisema kwa upole, "Si kitu, mama." Hallbera aliiweka simu akajiona ni mtu mbaya kupindukia, mbaya kiasi kwamba kifua kilimuuma. Wazo hilo halikuondoka. Lilikaa likaalika mengine: kwamba ni yeye aliyemnunua mama yake Móra, kwa hiyo ni yeye aliyeuleta ugonjwa, kwamba jicho lake, ambalo watu waliliogopa, halikuona kitu, kwamba amechoka, na kwamba mtu akichoka hivi hana faida kwa yeyote.

Nyani haoni kundule. Alikuwa anajua dalili zote kwa moyo, angeweza kuzisoma kama orodha ya masikio, na kila asubuhi alizitafuta kwenye uso wa mtu mwingine.

Katikati ya Januari Gunnsteinn alikuja na karatasi. Alikuwa amepata orodha ya madume wenye jeni ya kinga, na picha, na nasaba zao mpaka vizazi vitano. Alizitandaza mezani kama mtu anayetandaza zawadi. "Miaka miwili si mingi," alisema. "Tuchagulie, bibi mkubwa. Hapa bila jicho lako tutanunua mbuzi."

Hallbera alizitazama karatasi zile. Hakuvaa hata miwani.

"Chagueni nyinyi," alisema. "Wote ni wamoja tu."

Gunnsteinn alicheka, akidhani ni mzaha. Ketill hakucheka. Aliweka kikombe chake chini polepole na kumtazama mkewe, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu waoane, yeye ndiye aliyelala macho akisikiliza pumzi.

*

Asubuhi yake, saa nne, dirisha lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kupauka, maana Januari huku jua huchelewa. Hallbera alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Alikuwa amekaa hivyo nusu saa. Ketill alikuja akakaa sakafuni mbele yake.

"Unaumwa," alisema.

"Nimechoka. Wewe umelala?"

"Acha mimi. Nakuuliza wewe."

"Mimi sina kitu, Ketill. Mimi si..."

"Wewe si wa kwetu," Ketill alimalizia, bila ubaya. "Nimeiona michoro yako. Miaka kumi sasa, nilikuwa natafuta kitambaa cha Krismasi. Kwetu umepaka nyekundu utadhani sikukuu. Kwenu peupe."

Hallbera aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. "Nilitaka kukulinda."

"Najua. Lakini niambie. Babu yako aliyezama siku ya shwari, eti alifuata wavu. Si wavu wenyewe ulikutwa umeanikwa ukutani?"

"Ilikuwa ajali."

"Huenda. Na bibi yako, eti mgonjwa wa kifua, aliyelala kila Novemba akaamka Machi? Kifua gani hicho kinachofuata kalenda?"

"Sijui!"

"Na mimi sijui. Labda ajali, labda kifua. Ninachosema, kwetu watu wakianguka tunasema wameanguka. Kwenu wanatafutiwa wavu. Ukoo wako ni safi kwa sababu hakuna aliyeuliza." Akamshika kifundo cha mguu usio na soksi, ulikuwa baridi kabisa. "Na hata kama kwenu ni safi kama maziwa, Hallbera, umezika kondoo mia nne na hujatoa chozi. Hulali tangu Oktoba. Umenibeba mgongoni miaka kumi na tisa na mimi natembea. Hapo jeni inahitaji kuwa mbaya kiasi gani?"

Hallbera alikuwa anaitazama ile soksi mkononi, na ilikuwa nzito kuliko kondoo yeyote aliyewahi kumbeba.

Ketill akauliza kwa maneno manyoofu, kama alivyofundishwa na daktari kwamba ndivyo inavyopaswa kuulizwa.

"Unawaza kufa?"

Hallbera alifungua mdomo aseme hapana. Alikuwa na hapana tayari, ameiandaa, na hata hasira ya kuisindikizia. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, ndogo, ya mtu asiyemfahamu.

"Tangu Desemba," alisema. "Alhamisi, ukienda kuimba."

Ndipo kilio kikaja. Kilikuja vibaya, kwa kishindo, na kamasi, na maneno yasiyoeleweka ambamo lilikuwamo jina la Móra na la Unnur. Ketill hakumwambia anyamaze. Uso wake ulikuwa mweupe kwa hofu, lakini aliichukua ile soksi akamvalisha. Akamvalisha buti, kushoto, kisha kulia, akafunga kamba mafundo mawili. Akapiga simu kituo cha afya akasema jina la mkewe, umri wake, na lile neno kufa, bila kulipunguza makali.

Gari aliendesha yeye. Barabara ilikuwa na barafu, na Ketill alikuwa dereva mbaya. Miaka kumi na tisa ya kukaa kwenye kiti cha abiria haimfanyi mtu hodari. Hallbera alikuwa pembeni, paji limeegemea kioo, na kila kona alitaka kumwambia apunguze mwendo, na kila kona hakuwa na nguvu. Aliogopa. Aliogopa barafu, aliogopa kituo cha afya, aliogopa watakavyosema bondeni. Zaidi ya yote aliogopa kwamba Ketill, aliyebebeshwa jambo hili, ataanguka sasa hivi mbele ya macho yake, na safari hii hakutakuwa na wa kumwokota.

Muuguzi alikuwa kijana wa kiume mwenye fomu ndefu. Aliuliza usingizi, chakula, mawazo, bunduki nyumbani. "Ipo kwa jirani," Hallbera alisema, na Ketill akageuka akamtazama kwa mshangao, kisha akaelewa, akainamisha kichwa. Muuguzi aliuliza kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua. Hallbera, aliyeweza kukutajia mababu saba wa kondoo asiye wake, alifikiri kwa muda mrefu.

"Andika hatujui," alisema.

Kijana akaandika, akageuza ukurasa. "Na nyumbani kuna mtu wa kukaa na wewe siku hizi? Mtu utakayeweza kumwamsha saa yoyote?"

Hallbera alimtazama mumewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti halijafungwa vizuri, macho yamevimba, mkono mmoja umeshika mkoba wa mkewe kwa namna ya mtu asiyezoea kushika mkoba. Alikuwa na hofu, ilionekana wazi, na hakuwa na dalili ya kwenda popote.

"Ninaye," alisema.